Mjomba Hozefa Kwenye Karatasi ya Ukoo

Kalangalala,
S.L.P. 61,
Geita.
29 Juni, 1997.

Mpendwa Kaka Donatus,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Bhoke na watoto wote. Vipi kifua chako? Barua yako ya Pasaka ilisema baridi ya huko Ndola, Zambia, inakubana kila ukitoka zamu ya usiku kiwandani. Tafadhali usiache kuvaa sweta ndani ya ovaroli, hata kama wenzako wanakucheka.

Sisi huku tupo. Shemeji yako Makoye alilala na malaria wiki nzima ila sasa ameamka, ingawa suruali zake zote zinamvuka. Watoto wamefunga shule. Mvua za mwaka huu zilitudanganya, mahindi yakakauka kabla ya kubeba, na hapa mtaani watu wanakula mlo mmoja bila kuoneana aibu.

Mama anakula kidogo. Sukari imemla macho. La kushoto halioni kitu, na la kulia linaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu akipita. Sauti zetu anazitambua tukiwa bado nje, na bado ananisahihisha ugali kwa kusikia mwiko unavyozunguka.

Mdogo wetu Ignas yuko Mwakitolyo bado, anashuka kwenye duara, shimo lao la dhahabu, kila siku na kupanda na mawe yasiyo na kitu. Tangu Januari tumemwona mara moja. Alikuja amekonda, akalala siku mbili mfululizo, akarudi shimoni. Nilimwambia yeye ni kitindamimba, mama anamhitaji karibu. Akasema duara lao limebakiza futi kumi tu lifike kwenye dhahabu. Mwaka jana pia zilikuwa futi kumi.

Kaka, najua unachosubiri kusikia. Nilirudi kutoka Shinyanga tarehe kumi na sita, na leo ni karibu wiki mbili. Mara tatu nimeianza barua hii na kuichana. Leo nitaimaliza.

Wifi Bhoke, najua mnasoma barua zangu pamoja, na mumeo si mtu wa kusimulia mambo ya kwao, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Babu yetu mzaa mama alikuwa Mhindi, Badrudin, mwenye duka la kanga na mafuta ya taa pale Didia. Aliishi na bibi yetu Mageni, Msukuma wa hapo hapo, wakapata watoto wawili. Mkubwa ni mama yetu, babu akamwita Anar. Wa pili ni Hozefa. Mwaka 1949 babu alifunga duka akasema anakwenda Uhindini kuwaona wazazi wake, na kwamba atarudi msimu wa pamba. Alimchukua Hozefa akasome, maana ni mtoto wa kiume. Hozefa alikuwa na miaka mitano, mama minane. Walipanda treni Shinyanga, na tangu siku hiyo hatukupata barua wala salamu.

Bibi Mageni alikufa mwaka 1979 akiwa hamtaji tena babu. Mama yeye hakuacha. Kila mwaka anahesabu umri wa mdogo wake. Mwaka huu alisema, sasa Hozefa ana miaka hamsini na mitatu, lazima ana mvi, pengine ana wajukuu. Sisi tumekua tukimwita mjomba mtu ambaye hatujamwona hata kwenye picha, maana ile moja iliyokuwepo iliungua na nyumba ya Didia.

Sasa, mwezi wa tano, Ankit alikuja shuleni kwangu. Ni yule kijana mwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga mawe, ambaye binti yake namfundisha darasa la tatu. Aliniletea tangazo. Familia za Kihindi zilizowahi kuwa na maduka Shinyanga, Kahama na Mwanza zingefanya mkutano wa nasaba na historia za koo zao, siku mbili, tarehe kumi na nne na kumi na tano Juni, pale Shinyanga mjini. Wageni wangetoka Uingereza, Kanada na Uhindini kwenyewe, na wanatengeneza kitabu cha koo zote.

“Mwalimu, nenda,” akaniambia. “Wa kwetu si ukoo mmoja na wa kwenu, hata dini ni tofauti. Lakini hao wameandika kila mtu. Kama mjomba wako yupo duniani, jina lake liko pale.”

Nilipomwambia mama, aliomba nimsuke nywele. Siku ya safari aliamka kabla yangu. Akanishika mkono mlangoni akasema, “Ukimwona, usimlaumu. Alikuwa mdogo. Hakuna alichoamua yeye.”

Nilivuka Busisi, nikashuka Usagara, nikapata basi la Shinyanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilijiona namkuta mzee mmoja wa Kihindi mwenye pua ya mama.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa jumuiya moja. Nilivaa lile gauni langu la kitenge cha bluu. Mlangoni dada mmoja aliyekuwa akigawa vitambulisho aliniangalia akasema, “Mama, wapishi wanaingilia mlango wa nyuma.” Nikamwambia nimekuja mkutanoni. Akaona aibu sana, akaniomba radhi mara mbili, akaniandikia jina langu kwenye karatasi ya kubandika kifuani. SALOME, akaacha nafasi ya jina la ukoo. Akaniuliza aandike nini. Nikasema, ndicho nilichokuja kutafuta.

Ndani kulikuwa na karatasi kubwa ukutani, kila ukoo na yake, majina yakiwa ndani ya visanduku na mistari ikishuka kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Watu walikuwa wakifuata mistari kwa vidole. Mzee mmoja alieleza jinsi ya kusoma orodha za abiria wa meli za zamani. Mama mmoja wa Kanada alimkuta babu yake na duka lake la Kahama akapiga kelele kama mtu aliyefunga goli, watu wakamkumbatia. Kaka, nikisema sikuwa na matumaini nitakuwa mwongo.

Aliyenisaidia ni Heena, mama wa rika langu, anaishi Leicester lakini alizaliwa Shinyanga na kuondoka akiwa msichana. Kiswahili chake hakijachakaa hata kidogo.

“Unatafuta ukoo gani, dada?”

“Wa Badrudin aliyekuwa na duka Didia.”

Akanishika bega. “Badrudin wa Didia? Huyo ni wa kwetu! Ni mdogo wake babu yangu.” Akanivuta kwa mkono hadi ukuta wa mwisho, huku akiwaambia watu kwa Kigujarati mambo ambayo sikuyaelewa, nao wakanitazama.

Babu alikuwepo. Badrudin, alizaliwa Jamnagar, alifariki Jamnagar mwaka 1968. Pembeni yake mke mmoja, Shirin. Chini yao watoto watano. Wa nne kwenye mstari aliandikwa hivi: Hozefa, 1944–1951.

Nilisoma mara tatu. Nilidhani ni Hozefa mwingine. Nikamuuliza Heena, huyu aliyekufa mtoto ni nani? Akasema hajui, akamwita ami yake, mzee aliyetoka Jamnagar na ambaye ndiye mwenye dhamana ya kitabu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya ile karatasi, mtu mpole, nadhifu. Hajui Kiswahili, Heena ndiye aliyetutafsiria.

“Anasema anamkumbuka,” Heena akaniambia. “Walikuwa wakilala chumba kimoja. Alikuja na baba yake kutoka Afrika.”

“Alikuwa mtoto wa namna gani?”

Wakaongea kidogo. “Mkimya. Hakujua neno la Kigujarati. Anasema mwanzoni alikuwa akilia neno moja kutwa, nao hawakujua anataka nini. Walimletea maziwa, wakamletea embe, akakataa.” Heena akanigeukia. “Anakuuliza wewe, labda unalijua. Mayu ni kitu gani?”

Kaka, nililijua neno hilo.

Nikamwambia, “Mayu ni mama. Ni Kisukuma.”

Heena alipotafsiri, mzee alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta muda mrefu. Sikumchukia. Alikuwa mtoto naye, wa miaka kumi. Alisema Hozefa alishikwa na homa ya matumbo mwaka wa pili tangu afike, akafa baada ya siku tisa. Nikauliza kaburi liko wapi. Akasema makaburi yale yaliondolewa serikali ilipopanua barabara, na hakuna anayejua mifupa ilikopelekwa.

Nilikaa kwenye kiti walichonipa, wakaniletea chai. Baadaye nikapata nguvu nikasema, basi waandikeni Mageni na Anar. Hozefa hakuzaliwa na Shirin, alizaliwa Didia na mwanamke mwenye jina lake, na ana dada aliye hai. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwamba kila jina lililomo lina karatasi, ya ndoa au ya kuzaliwa au ya safari. Akiandika kwa maneno matupu, kitabu hakitaaminika na mtu. Hata hivyo akasema, karatasi yoyote ile ya zamani ataikubali, ilimradi iwe imeandika kwamba Badrudin ni baba wa Anar. Aipate kesho kabla ya saa kumi, maana wanafunga kazi.

Nikawaza daftari la ubatizo wa mama kanisani Didia. Nilipata gari la Tinde, nikashuka Didia jua likielekea kuzama, nikalala kwa Mwamvua, jirani yetu wa zamani. Asubuhi, misa ilipokwisha, nilimfuata katekista, Thobias, nikamweleza. Akafungua kabati na kutoa daftari la ubatizo la miaka ya hamsini. Daftari lilikuwa zima kabisa, kaka. Nilikuwa nimeogopa mchwa na panya, lakini halikuwa limeguswa. Tulimpata mama ukurasa wa tatu, 1953, umri miaka kumi na miwili. Maelezo yake yameandikwa kwa wino mweusi, kwa jina lake la ubatizo, mwandiko mzuri kuliko wangu:

Anna. Mama: Mageni, wa Didia. Baba: hajulikani.

Pembeni imeandikwa kwamba maelezo yametolewa na mama mzazi mwenyewe.

Thobias alidhani sikuona vizuri, akanisomea kwa sauti. Nikamwambia nimeona. Nilimwelewa bibi. Alikuwa amengoja misimu minne ya pamba, watu wakimcheka kisimani, ndipo padri akamuuliza jina la mwanamume yule. Alimfuta kwa mdomo wake. Hakujua kwamba anamfuta na binti yake pia. Thobias akaniuliza kama aninakilie ule ukurasa na kuugonga mhuri. Nikasema hapana, asante.

Nilirudi Shinyanga saa nane. Walikuwa wanashusha karatasi ukutani na kuzikunja. Heena aliniona kutoka mbali akanisubiri. Nilitikisa kichwa tu. Akasema, “Mimi nakuamini, dada. Lakini mimi ni mtu mmoja.” Alinipa nakala ya karatasi ya ukoo wao, na anwani yake. Yule mzee alinipungia mkono kwa heshima. Hakuna aliyenifukuza, kaka. Afadhali wangenifukuza, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mama nilimkuta amekaa mlangoni kwenye mkeka. Akasema, “Unatembea kama mtu aliyechoka.” Nikadanganya. Nilimwambia ukoo umepatikana, na kwamba wataandika Uhindini kuulizia habari za Hozefa. Alicheka, kaka. Sijamsikia akicheka vile tangu baba afe. Kesho yake majirani wote walijua. Mmoja alikuja kuuliza mgeni wetu wa Uhindini akija atakula nini.

Siku ya tatu mchana aliniita na kalamu. Alitaka niandike barua kwa mdogo wake, iwe tayari, anwani ikija tutume. Nikakaa naye kibarazani. Akaanza polepole, kama anavyosema rozari.

“Andika. Hozefa, mimi ni dada yako Anar. Mama alikufa lakini hakukusahau. Andika, mimi nina watoto watatu, mkubwa ni fundi, wa kati ni mwalimu, mdogo anachimba dhahabu. Andika, macho yangu yameisha lakini ukija nitakujua, una kovu nyuma ya sikio, mimi ndiye niliyekuangusha.”

Nilifika kwenye kovu nikashindwa.

“Mbona kalamu imenyamaza?”

Niliiweka kalamu chini.

“Salome. Amekufa?”

“Ndiyo, mama.”

“Lini?”

“Mwaka hamsini na moja.”

Alifungua mikono akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika cha saba, akakishika kile kidole kwa mkono mwingine.

“Kumbe alikuwa mtoto,” akasema. “Mimi nilikuwa nazeeka naye.”

Halafu akaniuliza nani alimwosha. Nikasema sijui. Akaniuliza kama alikuwa amejifunza lugha yao kabla hajafa, kama aliweza kuomba maji. Nikasema alijifunza. Hilo nalo silijui, lakini ndilo pekee nililoweza kumpa. Neno alilokuwa akililia sikumwambia, na wala sitamwambia. Wewe pia usije ukalitamka.

Habari ya daftari la Didia haijui. Anaamini hadi leo kwamba yuko kwenye kitabu, yeye na bibi, chini ya jina la baba yake. Alinitaka nimwonyeshe mahali jina lake lilipo kwenye ile nakala, nikakichukua kidole chake nikakiweka juu ya karatasi, kwenye nafasi tupu kandokando ya Shirin. Alikiacha pale muda mrefu. Naomba Mungu anisamehe.

Sasa hivi hasemi sana. Halii. Hahesabu tena umri wa mtu. Daktari wa wilaya alisema figo zimeanza kuchoka na kwamba tumpe anachopenda, lakini nikimuuliza anapenda nini anasema chochote. Ignas nilimpelekea habari kwa mtu anayekwenda Mwakitolyo. Alijibu kwa mdomo wa mtu huyo huyo kwamba amesikia, na kwamba akitoka ataleta nyama. Hajatoka.

Nilitaka nikuombe uje. Nilimwambia mama kwamba nakuandikia uombe likizo, uje umwone. Unakumbuka miaka yote alivyokuwa akikulilia urudi, kila barua lazima nimalize kwa ombi lake. Safari hii alikataa. Alisema, “Mwache. Treni imeshanichukulia mmoja. Abaki huko huko.” Nilimbishia, nikamwambia wewe ni mtu mzima wa miaka thelathini na tisa. Akasema wote ni watoto wakiwa njiani.

Wasalimie sana wifi Bhoke na watoto, na wale Watanzania wenzako wa mtaani kwenu. Makoye anakusalimu, watoto wanakushika miguu. Mwamvua wa Didia pia anakusalimu, anasema bado anakukumbuka ulivyomvunjia mtungi. Mungu awafunike huko mliko, akuondolee hicho kifua, na asiwaache wanao wakalilia kitu ambacho hamtakielewa.

Salamu za mama ni hizi, ameniamuru nizinakili bila kuongeza neno: Usijisumbue kuandika mengi. Andika tarehe tu juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, Salome atanisomea. Nataka nijue kwamba siku hiyo ulikuwa hai.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Salome